Shajara ya mradi: kitabu na sauti za kumkumbuka mama yetu, mkunga wa njia ya reli

Mama yetu alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 71. Alikuwa muuguzi mkunga kwa karibu miaka 40, mke wa gadi wa treni, na mama wa watoto wanne. Hii ni shajara ya kazi tuliyoianza baada ya arobaini: kukusanya picha, sauti na maandishi yake, kisha kutoa kitabu kidogo pamoja na rekodi za kusikiliza kwa ajili ya wajukuu. Naongeza kila hatua inapokamilika, na gharama naziweka wazi, ili anayetaka kumfanyia mzazi wake kazi kama hii ajue pesa zinaishia wapi na nini hakifanyi kazi. Majina ya watu sikuyaweka.

20 Januari 2024: kwa nini tunaifanya

Wasifu wa marehemu uliosomwa kanisani ulikuwa wa kweli kila neno. Alizaliwa 1952, akasoma, akafunga ndoa 1975, akabarikiwa watoto wanne, ameacha mume na wajukuu tisa. Alikuwa mke mwema, mama mlezi na mtumishi hodari. Kazi yake yote ilikaa kwenye sentensi moja: aliajiriwa 1973, akafanya kazi katika vituo mbalimbali mpaka alipostaafu 2012.

Msibani walikuja watu ambao sisi watoto hatukuwajua, kutoka Mombo, Muheza, na vijiji vya mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Walikaa kwenye mikeka wakisimuliana habari za mama, nyingine hatujawahi kuzisikia. Matanga yakaanuliwa, wakaondoka, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Hizo "vituo mbalimbali" ndizo tunazozitafuta. Nataka wanangu wajue mama huyu alikuwa anafanya nini kuanzia alfajiri mpaka usiku, siyo tu kwamba alikuwa mwema.

Tumegawana hivi: kaka mkubwa ameshika fedha, mimi nakusanya na kuandika, wa tatu anafuatilia ndugu wa mbali, mdogo wetu wa mwisho ameshika kompyuta. Kila mtoto ametoa shilingi 300,000, jumla 1,200,000. Mzee, yaani baba yetu, amekubali kwa sharti moja, kwamba daftari za mama zisitoke nje ya nyumba.

11 Februari 2024: picha

Tulianza na njia ya haraka: kuwaomba ndugu kwenye kundi la familia la WhatsApp watume picha zozote za mama. Zilikuja nyingi, lakini programu hiyo hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Kwenye simu zinaonekana nzuri, ukizikuza kwa ajili ya kuchapa uso unakuwa vumbi tupu. Tulilazimika kuwarudia watu wote na kuwaelekeza watume kama faili, siyo kama picha. Waambieni hivyo tangu ujumbe wa kwanza. Mtu akishatuma mara moja, kumshawishi atume tena ni kazi.

Picha za zamani tunazipitisha kwenye skana ya mezani, iliyotumika, shilingi 150,000. Picha ndogo tunazisoma kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu madoa ya njano yanasafishika vizuri zaidi rangi zikiwepo. Faili la asili halihaririwi kamwe, kila marekebisho hufanywa kwenye nakala.

Mambo matatu yalitusumbua. Kwanza, albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Picha za miaka ya 1980 zilikuwa zimeng'ang'ania, na kuzivuta kwa kucha kunapasua. Tulipitisha uzi wa meno chini ya picha, taratibu kutoka kona hadi kona, zikatoka zote isipokuwa mbili, na hizo mbili tumezisoma zikiwa palepale kwenye ukurasa. Pili, picha ya harusi ilikuwa imeganda kwenye kioo cha fremu kutokana na unyevu. Usiibandue. Tuliilaza na kioo chake kwenye skana, na matokeo yanatosha.

Jambo la tatu linaniuma bado. Picha pekee ya mama akiwa mwanafunzi wa uuguzi, amevaa gauni jeupe na kofia, ilikuwa na mkunjo katikati. Ilipelekwa duka moja la picha ikasafishwe. Ilirudi imesafishwa kweli, ila imekatwa ukingo mweupe kote, na ukingo huo ndio uliokuwa na muhuri wa studio na mwaka. Tangu siku hiyo hakuna picha ya asili inayotoka ndani ya nyumba. Ikibidi mtaalamu aione, aje yeye au apelekewe faili.

Mdogo wetu alijaribu pia programu ya simu inayonoa nyuso zilizofifia. Ilitoa uso laini, mzuri, wenye meno yaliyopangika. Mama alikuwa na mwanya. Tumefuta zote. Picha iliyofifia ya mama ni bora kuliko picha kali ya mwanamke asiyekuwepo.

3 Machi 2024: kaseti ya mwaka 1982

Kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, kulikuwa na kaseti. Nyingi ni za kwaya. Moja, ya dakika 60, imeandikwa kwa mkono wa mama: "Watoto, 1982".

Mwaka huo mama alikuwa Dar es Salaam akijiendeleza katika ukunga, sisi tukabaki Mombo na Mzee na bibi mzaa baba. Kaka alikuwa na miaka sita, mimi minne, wa tatu miwili, hakuna aliyejua kusoma. Kwa hiyo mama hakuandika barua, alizungumza kwenye kaseti na kuikabidhi kwa gadi mwenzake Mzee, ikaja na treni ya kaskazini.

Deki iliyotumika imegharimu 70,000. Kaseti ilipowekwa ilitoa sauti hafifu isiyoshikika. Tatizo halikuwa mkanda. Ndani ya ganda la kaseti kuna kipande kidogo cha sponji kinachousukuma mkanda ugusane na kichwa cha kusomea, na hicho kilikuwa kimebanduka kwa uzee. Tulinunua kaseti ya kwaya sokoni kwa 3,000, ile ya kufungwa kwa skrubu, maana zilizogundishwa huvunjika. Tukaifungua, tukahamishia roli zetu ndani ya ganda zima. Kabla ya hapo tulisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, ikatoka kahawia.

Sauti ikaja, lakini kaka alisikiliza kidogo akasema, "Huyu siye mama." Alikuwa sahihi, sauti ilikuwa juu kupita kiasi. Dawa yake aliipata mdogo wetu, na nimeiona inafaa kumfikia kila mwenye kaseti. Kifaa kinachotumia umeme wa nyumbani huingiza mvumo mdogo wa hezi 50 kwenye rekodi. Alipoifungua rekodi kwenye programu ya bure ya Audacity na kutazama mchoro wa masafa, aliona mvumo wa zamani umekaa kwenye 52. Maana yake deki yetu inakimbia kwa takriban asilimia nne. Akapunguza kasi mpaka mvumo ukashuka hadi 50, na mama akarudi.

Kiunganishi cha sauti cha USB ni 25,000. Tulihitaji kwa sababu tundu la kompyuta zetu ni la maikrofoni tu na linaharibu sauti ya kutoka kwenye deki. Tumehifadhi kwa muundo wa WAV, usiopunguza ubora wa sauti. MP3, zilizobanwa, ni za kugawa tu.

Mama anazungumza upande mmoja mzima. Anamwambia kaka asimkimbie bibi wakati wa kunywa klorokwini, na kwamba ukimeza kwa haraka na kipande cha ndizi uchungu haukai. Anamkumbusha Mzee deni la maziwa. Anasema kitanda cha bwenini kina chaga iliyovunjika, na kwamba wiki hiyo wamejifunza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa kupapasa tumbo la mama yake. Kisha anauliza kama kuku wametaga, ananyamaza kidogo, kama vile tutamjibu.

Upande wa pili ulirekodiwa upya nyumbani: matangazo ya redio ya mazishi ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, Aprili 1984. Kama kulikuwa na sauti ya mama chini yake, imeshafutika na hakuna kifaa cha kuirudisha. Kama una kaseti za nyumbani, vunja leo vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake.

1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka: Mzee

Familia ilikuwa Korogwe yote, tukatumia nafasi hiyo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, 35,000, imechomekwa kwenye simu. Kabla hujaanza, iweke simu kwenye hali ya ndege, la sivyo salamu za Pasaka zitakatiza maneno.

Swali la kwanza lilikuwa, "Baba, tueleze maisha yako na mama." Akajinyoosha, akajibu kwa heshima zote: alikuwa mke mwema, mcha Mungu, mchapakazi, hatukuwahi kugombana. Wasifu wa kanisani ulikuwa umerudi. Tulijaribu kwa njia nyingine mbili, majibu yakawa yaleyale. Swali kubwa humfanya mzee atoe hotuba.

Kilichofungua mlango ni vitu. Dada alileta ile pembe ya mama ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, ya mbao, imeng'aa upande mmoja kwa kushikwa. Akamwekea Mzee mkononi bila swali. Mzee aliizungusha, akaigeuza, akaonyesha ufa mwembamba kwenye mdomo wake. "Hapa iliangukia reli," akasema. Kuanzia hapo tulirekodi mpaka chai ikapoa.

Mama alikuwa zahanati ya Mombo, Mzee anafanya safari za Tanga hadi Moshi. Treni ya abiria ilisimama Mombo kwa dakika chache tu. Mama alikuwa anafika stesheni na kapu: chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, shati safi, na mtoto mmojawapo ambaye zamu yake imefika ya kumwona baba. Mzee alikuwa anakula huku bendera ya kijani iko kwapani. Siku moja mama alifika moja kwa moja kutoka kuzalisha, pembe ikiwa mfukoni mwa gauni, akainama kupandisha kapu, ikaanguka. "Aliiokota akaipuliza, akaiweka tumboni kwake mwenyewe, akasikiliza. Ulikuwa wewe," akamwambia mdogo wetu wa mwisho. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaijua habari hii.

Kwa hiyo utaratibu wetu sasa: kila anayehojiwa anapewa kitu cha kushika, picha au chombo, na anaulizwa kuhusu siku moja, au kazi moja, au chakula kimoja. Maneno "maisha yake" hatuyatumii.

28 Aprili 2024: mvua

Mwezi huu mvua hazikukatika. Mahojiano na mama mdogo, Muheza, yamepotea karibu yote kwa kelele za mabati. Programu ya kuondoa kelele tuliijaribu. Inaondoa mvua na inaondoa pia herufi s, sh na f, mtu anabaki anasema kama ana kamasi. Tumeyaacha.

Tumerudia alfajiri, kabla ya mvua, chumbani kwake, godoro limesimamishwa ukutani na mablanketi yamening'inizwa mlangoni. Sauti imetoka safi. Alichosema mara ya pili kilikuwa kifupi kuliko mara ya kwanza, na hilo ndilo hasara yenyewe. Tazameni hali ya hewa kama mnavyotazama chaji ya simu. Nauli za mabasi mpaka sasa zimefika 210,000.

12 Mei 2024: wauguzi wenzake

Tulichagua leo makusudi, ni Siku ya Wauguzi Duniani na imeangukia Jumapili. Wastaafu wanne waliofanya kazi na mama wamekuja nyumbani. Pilau, kuku, soda na nauli zao, 120,000.

Kurekodi watu wanne mezani kwa maikrofoni moja hakukufaa hata kidogo. Wote wanasema pamoja, wanacheka, sahani zinalia. Baada ya chakula tuliwaomba waingie chumbani mmojammoja, na yale yaliyosemwa mezani tukayatumia kama vidokezo tu. Mazungumzo ya mezani yana kazi yake, yanachokoza kumbukumbu. Usiyategemee kwa sauti.

Na sasa nina kitu cha kuandika kuhusu hizo "vituo mbalimbali".

Mama aliajiriwa mwaka uleule wa kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili habari za vyoo, maji na malaria. Kazi yake ya kwanza haikuwa leba. Alitumwa kuzunguka vijijini kuona kama vyoo vilivyoahidiwa vimechimbwa. Mwenzake mmoja anamkumbuka akishuka yeye mwenyewe kwenye shimo na jembe baada ya mwenye nyumba kusema ardhi ni ngumu. Aliyebaki juu akaona haya, akalimaliza.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza 1975. Chanjo lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na zahanati za kando ya reli wakati ule hazikuwa na umeme. Kasha la barafu lilikuwa linatoka Tanga kwa treni, ndani ya behewa la gadi. Zamu zilipomwangukia Mzee, alikuwa analiweka kivulini nyuma ya kiti chake na halifunguliwi na yeyote. Treni ikichelewa, mama alikuwa anajua kabla ya mkuu wa stesheni, kwa sababu akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi la kliniki na watoto, na yeye anahesabu saa za barafu. Mzee hakulitaja hili siku ya Pasaka. Nilipomuuliza jioni hii, alishangaa kwamba ni jambo la kusimuliwa. "Ilikuwa mizigo ya mama yenu, ningeiacha juani?"

Habari nyingine ni za miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni na mafuta ya taa vilipoadimika. Leba iliwashwa karabai, na mafuta yakiisha wanazalisha kwa tochi ya mlinzi. Wote wanne, kila mmoja peke yake chumbani, wamesema sabuni ya leba ilitoka nyumbani kwetu.

9 Juni 2024: daftari

Kwa heshima ya sharti la Mzee, tumefanya kazi hii mezani kwake, yeye akiwa amekaa. Ni kaunta buku za mistari, za miaka ya 1979 hadi 1991, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu. Si rejista rasmi ya zahanati, hiyo ilibaki kazini. Haya ni ya kwake.

Ukurasa wa kushoto ni wazazi: tarehe, saa, jina la mama, jinsia ya mtoto, uzito, na neno moja, mara nyingi "salama". Ukurasa wa kulia, mkabala, ni matumizi ya nyumba yetu siku hizohizo: unga, ada, maziwa, viatu vya kaka. Nimetafuta ile sabuni ya wale wastaafu na nimeiona, Novemba 1982, upande wa kulia: "Sabuni mche 1. Nyumbani nusu, leba nusu." Na tena Februari 1983. Na tena.

Ameandika pia watoto waliozaliwa wafu. Hao hawana uzito, wana msalaba mdogo tu. Nilipofuatilia, niliona kwamba baada ya kila msalaba, siku kadhaa mbele, upande wa matumizi unakuwa na nauli, au sukari robo, na jina la kijiji. Alikuwa anakwenda kuwaona. Hakuwa akitumwa, maana safari ya kutumwa isingelipwa kwa fedha ya unga wa nyumbani. Sisi tulidhani anakwenda kusalimia ndugu.

Mwaka 1986 kuna mstari usiotofautiana na mingine yote: tarehe, saa kumi na nusu usiku, KE, kilo 3.1, salama. Jina la mama ni lake mwenyewe. Juu yake, siku mbili kabla, kuna mzazi wa Mkumbara ambaye mama ndiye aliyemzalisha. Chini yake kuna nafasi ya likizo ya uzazi, kisha mwandiko unaendelea.

Tatizo kubwa la mradi huu ndilo hili. Kurasa za kushoto zina majina ya wanawake walio hai, na baadhi ya habari zao hata waume zao huenda hawazijui. Siri ya mgonjwa haiishi mkunga anapofariki, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tulijaribu kwanza kufunika majina kwa alama nyeusi kwenye kompyuta. Haikutosha: tarehe, kijiji na uzito vinamtambulisha mtu kwa jirani yake. Tumeamua kurasa za kushoto zisipigwe picha kabisa. Kitabuni zinaingia za kulia tu, pamoja na ule mstari mmoja wa 1986, kwa ruhusa ya mwenye kuzaliwa. Daftari zenyewe zimefungwa kwenye sanduku lake, ufunguo anao Mzee. Kaka alitaka zipelekwe kwenye makumbusho. Nimekataa, na bado nakataa.

7 Julai 2024: mpangilio

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sehemu tatu: Mke, Mama, Muuguzi. Ndivyo kila mtu alivyotarajia, na ndivyo vitabu vya namna hii vinavyopangwa. Ilivunjika nilipofika kwenye kasha la chanjo. Liwekwe wapi? Ni kazi yake, na ni ndoa yake. Sabuni ya nusu kwa nusu ni ya mama au ya muuguzi? Kaseti ya klorokwini inatoka chuo cha ukunga inakuja kwa watoto. Kila kitu kizuri nilichokuwa nacho kilikuwa kinakataa kukaa sehemu moja, na vilivyokubali kukaa vilikuwa vile vya wasifu wa kanisani.

Nimepanga upya kwa vituo vya kazi, kimoja baada ya kingine: Muheza, Mombo, Korogwe, Tanga. Kila kituo kinaanza na nyumba tuliyoishi, nani alimlea mtoto mama akiwa zamu ya usiku, Mzee alikuwa njia gani, kisha zahanati au hospitali. Kuna kipindi, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli kugawanywa, Mzee alihamishiwa mbali na mama akabaki na kaka wa mwaka mmoja. Hicho nimekipa kurasa sita, kwa sababu mama mdogo aliyekuja kumsaidia kulea ameeleza kila kitu, hata wimbo wa kumbembeleza. Muheza ina kurasa tatu tu. Sikujaribu kusawazisha.

Kurasa zote ni 64. Kitabu cha kubana pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, hesabuni mapema.

4 Agosti 2024: sampuli

Sampuli ya kwanza, 18,000, haikufaa kwa sababu mbili.

Karatasi ilikuwa nzito, gramu 150, tuliichagua kwa ajili ya picha. Kurasa 64 za uzito huo hazilali. Kitabu kinabaki kimefumbuka, na kurasa za katikati zinatokeza nje kiasi kwamba ukataji umekula maandishi ya pembeni. Tumeshuka hadi gramu 100 isiyong'aa.

La pili ni zito zaidi. Nyuso zimetoka nyeusi tii, macho na meno tu. Kwenye skrini zilikuwa nzuri, lakini skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi, wino unaongeza giza, na ngozi zetu ndizo zinazoumia kwanza. Mchapaji alisema picha za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo. Mdogo wetu amepitia kila picha na kuinua mwanga wa kati tu, bila kugusa weupe wa gauni wala weusi wa kivuli, akianza na uso. Picha ya mama na Mzee stesheni ilihitaji kurudiwa zaidi ya nyingine zote, kwa sababu jua lilikuwa nyuma yao. Sampuli ya pili, 18,000 nyingine, inaonyesha mwanya wake. Lipieni sampuli kila mara, na iwe kwenye karatasi ileile na mashine ileile.

25 Agosti 2024: nakala na hesabu

Nakala 60 zimechapwa kwa 11,500 kila moja, 690,000. Sauti tulifikiria kuziweka mtandaoni na kuchapa msimbo wa kuskani nyuma ya kitabu, lakini shangazi na wengi wa rika lake wana simu za batani. Tumeziweka kwenye memori kadi, zinachezwa kwenye simu hizohizo na kwenye redio ndogo za sokoni. Flashi na memori kadi 90,000, diski ya nje ya kuhifadhi kila kitu 160,000. Nakala kamili zipo tatu: kwenye diski Korogwe, kwenye kompyuta ya mdogo wetu Dar es Salaam, na kwa kaka Mwanza. Kutuma vifurushi kwa mabasi, 45,000.

Ukijumlisha na yote yaliyotajwa hapo juu, mradi umefika shilingi 1,634,000, yaani 434,000 juu ya bajeti. Mama mdogo ametoa 200,000 bila kuombwa, kaka amemalizia 234,000. Kama ningepunguza, ningepunguza nakala ziwe 45. Chakula cha tarehe 12 Mei nisingekigusa.

13 Oktoba 2024: marekebisho yanayokuja

Vitabu vimeanza kurudisha habari. Mama mmoja wa Mombo amepiga simu kusema kwamba picha ya ukurasa wa 22, tuliyoiandikia "wahudumu wa zahanati", haioneshi wahudumu. Wale ni wanawake wa kijiji waliokuwa wamekuja kumpalilia mama shamba lake la mahindi alipokuwa masomoni mwaka 1982, na yeye mpiga simu ni wa tatu kutoka kushoto. Ameahidi kumtafuta wa pili, ambaye bado yuko hai na kumbukumbu zake ni nzuri kuliko za kwake. Mstaafu mmoja anasema kasha la chanjo lilikuwa la buluu, nasi tumeandika la kijani. Mzee anasema la kijani.

Tumefungua faili la marekebisho. Toleo la pili litasubiri mazungumzo na hao wawili wa Mombo, na tutakwenda kabla ya mvua za vuli kuchanganya, tukiwa na ile picha mkononi.